Bunduki ya Kujijaza

Magazeti ya Tanzania yakiripoti silaha iliyokamatwa huandika "bunduki aina ya SAR", na msomaji anaachiwa herufi tatu za "semi-automatic rifle". Wengine hutafsiri "nusu-otomatiki", neno linalofanya silaha ionekane pungufu. Mimi nashikilia bunduki ya kujijaza. Ukivuta triga inatoka risasi moja. Kwa kawaida gesi ya risasi hiyo inairudisha nyuma bolti, ganda linarushwa nje, na bolti ikirudi mbele inaingiza risasi nyingine chemba. Ili ipige tena, sharti uachie triga na kuivuta upya.

Jina hili lina faida kubwa kwa anayefungua silaha. Wengi wakishachomoa magazini hujiona salama, kumbe risasi moja ilishajiingiza chemba. Basi vuta bolti, tazama chemba kwa macho, kisha papasa kwa ncha ya kidole.

Kwenye M1 ya John Garand, iliyopokelewa na Jeshi la Marekani mwaka 1936, hata magazini ya kuchomoa hakuna: klipu ya risasi 8 huzama yote ndani. Bolti hubaki nyuma ikiwa tupu, na ukibonyeza kibao cha ndani bila kuizuia kwa kiganja, hufyatuka mbele na kukubana dole gumba. Wanajeshi wengi waliumia hivyo.

Ikishahakikishwa ni tupu, vuta chini sehemu ya nyuma ya kikinga triga hadi ibanduke. Kipande chote cha triga kinatoka, na chuma kinaachana na ubao. Kwenye M1 iliyorekebishwa kwa mashindano ya shabaha mambo ni magumu zaidi. Fundi hulaza chuma ndani ya ubao kwa gundi ngumu yenye nyuzi za kioo ili kisicheze hata kidogo, kwa hiyo hung'ang'ania. Usichokonoe kwa bisibisi, utamegua gundi na ubao pamoja. Gongagonga kwa nyundo ya mpira, taratibu. Wapiga shabaha wenye bunduki kama hizi huepuka kuzifungua ovyo, maana kila mara gundi inalika.

Na fimbo ndefu ya M1, inayosukumwa na gesi ili kuirudisha bolti nyuma, utaikuta imepinda. Ilipindwa kiwandani kwa makusudi. Ukiinyoosha itakwaruza na kukwama, kwa hiyo iache ilivyo.