Ufundishaji kwa Mtandao, Arusha

Ufundishaji kwa mtandao ni matumizi ya intaneti kufundishia na kuonyesha kazi za wanafunzi, jambo linaloenea taratibu katika kata za Jiji la Arusha. Mfano uliovuma ni Shepherds Junior, shule ya msingi iliyoanzishwa na Lucy Kamptoni, mfugaji wa kuku. Novemba 2008 asasi ya Kimarekani ya Epic Change iliichangishia kupitia Twitter, ikapata zaidi ya dola 10,000 kwa saa 48, fedha za kujengea darasa. Mwaka 2009 wanafunzi wenyewe wakaanza kuandika katika Twitter, kwa Kiingereza. Yalikuwa mazungumzo na ng'ambo zaidi kuliko na majirani.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, hivyo somo hutegemea chumba cha kompyuta au simu na bando la mwalimu. Kuonyesha kazi kwenye blogu nako kulibanwa: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na katika makundi ya WhatsApp ya wazazi.