Mikoko ya Pwani na Misitu Yetu ya Buha

Mwanachama wa Kasulu au Kibondo aweza kuuliza: Mkoko, mti uotao katika maji ya chumvi, watuhusu nini sisi watu wa milimani? Jibu ni kwamba historia yake ni historia ya ushirika.

Tangu kale boriti za mikoko ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na Arabuni kujengea nyumba. Mwaka 1898 serikali ya Wadachi iliitia misitu hiyo chini ya mamlaka yake, na wenyeji wakahesabiwa kuwa wakataji tu. Amri ilikuwako, na shoka halikukoma. Kwani mtu hakilindi kwa moyo kitu ambacho hana fungu ndani yake.

Kule Gazi, kusini mwa Mombasa, mambo yalifuata njia nyingine. Katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa mno, hata mahali pengine pakabaki tope tupu. Mnamo 1991 wataalamu wa utafiti wa bahari walianza kupanda miche pamoja na wenyeji. Walipopima, waliona kuwa tope la mikoko huhifadhi kwa wingi hewa ya ukaa, ile iongezayo joto la dunia. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117. Watu wa ng'ambo watakao kufidia moshi wao hulipia tani zipatazo 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na vifaa vya shule, na wanakijiji ndio waamuao matumizi yake.

Nasi je? Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Wageni na wenyeji wote walipika kwa kuni, na miombo, itupayo asali na kulinda vijito, ikarudi nyuma. Lakini Sheria ya Misitu ya 2002 yakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuusimamia.

Wala pwani haiko mbali kama tudhanivyo. Vijito vyetu huingia Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika. Maji hutokea Lukuga, yakafuata Mto Kongo hata Atlantiki, na penye mlango wa Kongo imesimama mikoko.

Ndugu wanachama, chama chetu kimetimiza miaka kumi kwa kuwa kila mmoja ana hisa na sauti. Msitu nao utadumu kwa masharti hayo hayo.