Mlima wa Nani? Tamasha la Trento na Macho Yaliyotazama Kileleni

Mwaka 1952, katika mji wa Trento ulioko kaskazini mwa Italia, Chama cha Wapanda Milima cha Italia pamoja na halmashauri ya mji huo walianzisha mashindano ya filamu za milimani. Hakuna tamasha la aina hiyo lenye umri mkubwa zaidi duniani. Leo linatambulika kuwa ni la milima, tamaduni zake na mazingira, lakini sivyo lilivyozaliwa. Shujaa wa filamu za enzi zile alikuwa mgeni afikaye kileleni, akasimika bendera, akarudi kwao. Wenyeji walionekana kwa nyuma, wamebeba mizigo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni K2. Mwaka 1954 chama hichohicho kilipeleka msafara Pakistan, na tarehe 31 Julai Achille Compagnoni na Lino Lacedelli wakafika kileleni. Mwaka uliofuata ikatoka filamu, Italia K2. Usiku wa kuamkia ushindi huo, Walter Bonatti na Amir Mahdi, mpagazi wa Hunza, walikuwa wakiwapandishia wenzao mitungi ya oksijeni. Kambi hawakuikuta mahali palipokubaliwa. Wakakesha kwenye theluji, zaidi ya mita 8,000 juu ya usawa wa bahari, bila hema. Baridi iliiharibu miguu ya Mahdi hata akakatwa vidole. Bonatti alipigania ukweli wake kwa miongo mingi, na chama kikaukubali rasmi baada ya zaidi ya nusu karne. Mahdi hakuandika kitabu. Alifariki mwaka 1999.

Nasi tusijione tuko mbali na habari hizi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipokipanda Kibo mwaka 1889, Mwini Amani wa Pangani ndiye aliyekaa nao katika kambi ya juu. Wanafunzi wangu hulitaja jina la Meyer bila kusita. La Amani sijapata kulisikia kwao.

Mtazamo umebadilika, ingawa polepole, na aghalabu baada ya msiba. Tarehe 18 Aprili 2014 poromoko la barafu liliwaua wafanyakazi 16 wa Kinepali katika mlima Everest, na wenzao wakagoma kuendelea na kazi. Filamu ya Jennifer Peedom, Sherpa, ya mwaka 2015, iliwaweka wagomaji hao katikati ya kisa. Kisha mazingira yakabisha hodi Trento kwenyewe: tarehe 3 Julai 2022 kipande cha barafu ya Marmolada, mlima ulioko mpakani mwa jimbo hilo, kiliporomoka na kuua watu 11.

Hata hivyo, kuna kosa la zamani ambalo nahofia tunalirudia kwa jina jipya la mazingira. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na kamera nyingi hukimbilia huko juu kuipiga picha ikitoweka. Lakini sehemu kubwa ya maji ya mlima ule hutokana na mvua ya ukanda wa msitu, wala si barafu. Wachaga, waliochimba mifereji ya kuyashusha maji hayo hadi migombani tangu kabla ya Meyer, wanaijua njia yake. Afisa anayepanga bajeti ya maji baada ya kutazama filamu ya barafu peke yake ataukodolea macho Kibo, na msitu ukikatwa nyuma yake.