Shilingi Elfu Kumi kwa Mwanafunzi: Historia ya Ruzuku ya Shule za Umma Tanzania

Historia ya elimu ya umma nchini Tanzania huandikwa mara nyingi kama historia ya ada: lini ilitozwa, lini ilifutwa, nani aliirejesha na nani aliiondoa tena. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hulipita upesi swali lililo zito zaidi, yaani serikali iliweka kiasi gani mahali pa ada iliyoondolewa, fedha hizo zilimfikia nani, na je, ziliongezwa pale bei za chaki, karatasi na mabati zilipopanda.

Ruzuku, kwa maana ya fedha za serikali zinazopewa shule ili ijiendeshe, ilianza Tanganyika katika miaka ya 1920, baada ya ujumbe wa elimu wa Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na serikali ya Waingereza kukutana na wamisionari Dar es Salaam mwaka uliofuata. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu ambao shule ya misheni ilipata fedha ikiwa tu imesajiliwa, inafuata mtaala uliokubaliwa na ina walimu wenye vyeti. Sharti hilo lilikuwa na mantiki yake, ila matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye nacho aliongezewa: maeneo kama Kilimanjaro na Bukoba, ambako misheni zilikuwa zimekita mizizi na zao la kahawa liliwapa wazazi fedha taslimu, yalivuna ruzuku, ilhali shule nyingi za vijijini zilizofundishwa na makatekista hazikupata kitu. Juu ya hayo, fedha za elimu zilitengwa kwa rangi, Wazungu, Wahindi na Waafrika kila kundi na fungu lake, na fungu la mtoto wa Kiafrika ndilo lililokuwa dogo kuliko yote.

Uhuru uliufuta mgawanyo wa rangi mara moja. Mgawanyo wa maeneo ulikuwa mgumu zaidi kuuondoa, kwa sababu haukuandikwa katika sheria yoyote bali ulikuwa umejengwa ardhini, katika majengo, nyumba za walimu na desturi ya kusoma. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilijaribu kuukabili kwa kutwaa shule zilizokuwa zikipata ruzuku, kupitia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kwa kufuta ada ya shule za msingi mwaka 1973. Kwa upande wa Zanzibar, Serikali ya Mapinduzi chini ya Sheikh Abeid Amani Karume ilikuwa imekwisha kutangaza elimu bila malipo tangu Septemba 1964.

Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, liliagiza kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe shule kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Nchi maskini isingeweza kulipia lengo la namna hiyo kwa kodi pekee, na haikulipia: wanakijiji walifyatua matofali na kuinua kuta, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Mafanikio ya uandikishaji yalikuwa makubwa kweli, lakini sehemu ya gharama yake haikuonekana katika bajeti kwa kuwa ililipwa kwa jasho. Basi vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, mafuta yakapanda bei na Hazina ikakauka, hapakuwa na fungu la kudumu la kuziendesha shule hizo. Ada ya sekondari ilirejeshwa katikati ya miaka ya 1980, na katika shule za msingi wazazi wakadaiwa mchango uliopewa, bila aibu, jina la mpango uleule wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Kufikia miaka ya 1990 kiwango cha uandikishaji kilikuwa kimeshuka, na madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi yakabaki bila madawati.

Hatua iliyobadilisha hesabu yenyewe ilikuja mwaka 2001, pale serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilipofuta tena ada ya shule za msingi na kuandaa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002 kwa msaada wa wahisani na mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa mara ya kwanza mpango wa taifa ulitaja bei ya mtoto mmoja: dola 10 za Marekani kwa mwaka, zilizochukuliwa kuwa karibu sawa na shilingi 10,000. Fedha hizo ziliitwa ruzuku ya uendeshaji, na sehemu yake ya shilingi 4,000 ilikusudiwa vitabu, huku 6,000 zilizobaki zikiwa za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na utawala. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005.

Kasoro mbili zilikuwamo ndani ya uamuzi huo mzuri. Ya kwanza ni kwamba fedha zilipita mikono mingi, kutoka Hazina hadi halmashauri ya wilaya na ndipo zifike akaunti ya shule, na tafiti za kufuatilia matumizi ya umma zilionyesha kwamba shule zilipata pungufu ya kiwango kilichotangazwa, tena kwa kuchelewa. Ya pili haikuhitaji mwizi wala mzembe. Kiwango kilihesabiwa kwa dola lakini kikasimama kwa shilingi, na kilikuwa bado 10,000 mwaka 2016, wakati dola moja, ambayo mwaka 2001 ilinunuliwa kwa chini ya shilingi 900, ilikuwa imevuka shilingi 2,100. Bila tangazo, dola 10 za mtoto zilikuwa zimepungua hadi chini ya tano.

Jinsi pengo hilo lilivyozibwa wakati mwingine inastahili kukumbukwa. Baada ya kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kukubali kulipa pauni milioni 29.5 kutokana na sakata la rada iliyouzwa Tanzania kwa bei iliyolalamikiwa, fedha hizo, ambazo magazeti yaliziita chenji ya rada, zilielekezwa katika kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Wanafunzi walinufaika, na hilo ni jambo jema; hata hivyo, vitabu vya taifa zima kutegemea hatima ya kesi ya kampuni ya kigeni ni ushahidi wa jinsi fungu la kawaida lilivyokuwa halitoshi.

Suala la haki ni pana kuliko suala la kutosha. Tangu Julai 2004 serikali ilikuwa na kanuni ya kugawa ruzuku ya elimu ya msingi kwa halmashauri kwa kuzingatia idadi ya watoto wenye umri wa kwenda shule, na kwenye karatasi kanuni hiyo ilikuwa ya haki. Ila sehemu kubwa mno ya bajeti ya elimu ni mishahara, na mshahara humfuata mwalimu, si mtoto. Mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na nyumba, maji wala barabara alitafuta uhamisho, na alipohama kwenda mjini aliondoka na fedha ambazo kanuni ilikuwa imezikadiria kwa ajili ya wanafunzi aliowaacha. Hivyo wilaya yenye upungufu wa walimu, yaani iliyo chini ya ikama, ilipata pia fedha kidogo kwa kila mtoto, na upungufu mmoja ukazaa mwingine.

Ruzuku ya kichwa kwa kichwa nayo ina upofu wake. Kwa shilingi 6,000 zinazofika shuleni, shule yenye wanafunzi 1,500 hupata milioni 9 kwa mwaka, na yenye wanafunzi 150 hupata 900,000, ambazo ni shilingi 75,000 kwa mwezi, ingawa shule zote mbili zina ofisi, mitihani na mapaa yanayovuja. Shule ndogo, ambazo mara nyingi ndizo za mbali zaidi, huumizwa na usawa huo wa hesabu.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipanua elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na tangu Januari 2016 serikali ya Rais John Magufuli ikaanza kupeleka fedha moja kwa moja shuleni, takriban shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi. Kuondoa mkono wa kati kulikuwa tiba halisi ya kasoro ile ya kwanza, na sifa hiyo haina budi kutolewa. Kasoro ya pili haikuguswa, kwani kiwango kilibaki kilekile huku watoto wa darasa la kwanza wakifurika, na mwaka 2018 michango ya lazima ilipopigwa marufuku, walimu wakuu wengi walijikuta hawana ruzuku ya kutosha wala ruhusa ya kumwomba mzazi. Tangu mwaka 2022 ada imefutwa pia katika kidato cha tano na cha sita.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 humtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka saba, na humwadhibu asipofanya hivyo. Kiasi ambacho serikali inadaiwa na mtoto huyohuyo kimekuwa kikiwekwa kwa mipango na nyaraka tu, na njia ya uhakika ya kukilinda ni Bunge kukiandika katika sheria, kikipanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei na kikiwa na nyongeza kwa shule ndogo na za mbali.