Yanakokwenda Maji ya Ziwa Tanganyika: Kutoka Ruzizi hadi Isotopu
Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walitaka kujua kama mto Ruzizi huingia ziwani au hutoka. Jibu la wenyeji, kwamba huingia, halikumaliza mjadala mpaka Livingstone na Stanley walipojionea mdomo wake Novemba 1871. Enzi ile kauli ya mwenyeji mara nyingi haikuhesabiwa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1874 Cameron akaufikia Lukuga, mto utokao ziwani.

Hata hivyo, Lukuga huchukua sehemu ndogo tu ya maji. Ushahidi wa yanakokwenda mengine umo katika kiini cha atomu. Kila atomu ya oksijeni ina protoni 8. Zilizo nyingi zina nyutroni 8, chache zina 10. Maji mepesi hutangulia kuwa mvuke, mazito husalia. Vipimo vilivyotokana na msafara wa Harmon Craig wa mwaka 1973 vilidhihirisha kuwa ziwa limezidi mito yake kwa oksijeni-18: maji mengi hupaa angani.

Istilahi yenyewe, isotopu, iliyobuniwa 1913 kutokana na Kigiriki, humaanisha “mahali pamoja”, yaani nafasi moja katika jedwali la elementi. Kiswahili kilitohoa sauti tu. Dhana ya mahali, ambayo ngeli ya pa- ingeibeba bila taabu, iliachwa nje.