Jina la Mgeni: Habari za Roboti za Wavuti

Mgeni akipiga hodi, mwenye nyumba huuliza ni nani, na mara nyingi huitambua sauti kabla ya kulisikia jina. Seva, yaani mashine ihifadhiyo kurasa za Wavuti, haina bahati hiyo. Katika daftari lake huandikwa saa aliyokuja mgeni, anwani aliyotokea, ukurasa alioutaka, na jina alilojitaja. Matatu ya kwanza seva huyaona yenyewe. La nne huambiwa tu. Kanuni za mawasiliano ya Wavuti zilizochapishwa mwezi wa Mei 1996 zililiwekea jina hilo mahali pake, walakini hazikuweka njia ya kulihakikisha.

Wageni wenyewe si watu peke yao. Katika mwaka wa 1993 Matthew Gray, aliyekuwa akisoma katika chuo cha MIT huko Marekani, alitunga programu aliyoiita World Wide Web Wanderer, ipate kuupima ukubwa wa Wavuti. Programu ya namna hii huitwa roboti, ijapokuwa haina mwili wala haitembei popote: huomba ukurasa, husoma viungo vilivyomo, kisha huomba kurasa zilizotajwa na viungo hivyo, na kuendelea hivyo bila kuchoka. Msomaji hutua akafikiri, roboti haitui. Seva za siku zile zilikuwa dhaifu, na wenye kuzitunza wakaanza kunung'unika.

Martijn Koster, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nexor huko Uingereza, alitoa shauri mwezi wa Februari 1994. Kila seva iweke faili moja ndogo, iliyokuja kujulikana kwa jina la robots.txt, ambamo yatatajwa majina ya roboti na sehemu zisizotakiwa kuingia. Watungaji wa roboti wakaafikiana mwezi wa Juni mwaka ule ule. Hayo hayakuwa sheria, wala hayakuwa kufuli. Yalikuwa adabu iliyoandikwa. Tena yalisimama juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa, nalo ni kwamba roboti ina jina na hujitaja kwa jina hilo.

Ajabu ni kwamba walioanza kulichafua jina si roboti, bali vivinjari wanavyotumia watu. Kivinjari cha Netscape kilichotoka mwaka wa 1994 kilijitaja kuwa Mozilla, na baadhi ya seva zikawa huwapa kurasa zao nzuri wale tu waliojitaja hivyo. Kampuni ya Microsoft, isikubali kivinjari chake kipewe makombo, ikakifanya nacho kijitaje Mozilla, ikiongeza katika mabano kwamba kinapatana nacho. Wengine wakafuata. Hata roboti ya Google hujitaja Mozilla kwanza, ndipo ikaeleza kuwa ni Googlebot.

Basi mwenyeji afanyeje? Mwaka wa 2006 Google iliwaeleza wenye seva wasilitazame jina peke yake, bali waifuate anwani ya mgeni hadi kwenye jina la mtandao wake, kisha walirudishe jina hilo kwenye anwani, waone kama vinalingana. Wengine walikwenda mahakamani. Mwezi wa Mei 2000 mahakama moja ya California iliipa kampuni ya eBay amri ya muda ya kuzizuia roboti za Bidder's Edge, zilizokuwa zikiingia kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Hoja iliyoshinda ilikuwa ile ya kale ya kuingilia mali ya mtu pasipo idhini.

Mapatano ya Koster yaliandikwa kuwa kanuni rasmi mwezi wa Septemba 2022, yaani baada ya miaka 28, na kanuni hiyo yenyewe yakiri kwamba si njia ya kutoa wala kunyima ruhusa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, kampuni ya OpenAI ilitangaza jina la roboti yake, GPTBot, ili asiyeitaka aikatae. Wengi waliliandika jina hilo katika faili zao, gazeti la New York Times likiwa miongoni mwao. Kurasa zilizokwisha kuchukuliwa kabla ya jina kutangazwa hazikuhusika na katazo hilo.