Kashe ya diski ya zamani: Kasi isije ikakugharimu kazi yako

MPIGA video wa Magogoni, Kisauni, hunakili harusi nzima kwenye diski ya nje, akaivusha daraja la Nyali hadi kisiwani, na huko faili ikakataa kufunguka. Kabla ya kuilaumu diski, kagua mpangilio wa kashe.

Kashe ni kumbukumbu ya muda. Ni kama mwenye duka anayetia saini kuwa mzigo umefika ilhali magunia yangali mlangoni. Tarakilishi husema kazi imekwisha, kumbe sehemu ya data haijaandikwa kwenye diski. Umeme ukikatika au waya ukichomolewa, kilichokuwa mlangoni hupotea. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu kote nchini, tarakilishi za mezani zisizo na betri ya akiba zilizimika papo hapo.

Kubadilisha mpangilio

Katika Windows, fungua Device Manager, nenda kwenye orodha ya diski, ufungue sifa za diski yako, kisha ukurasa wa Policies. Utakuta chaguo mbili. La kwanza huruhusu diski kuondolewa haraka. Windows haiweki data kwenye kashe yake. La pili hutanguliza kasi, na sharti uiage diski kwa amri ya kuiondoa salama kila mara. Chini ya hilo la pili kuna kisanduku kinachoizuia Windows kuiamuru diski imalize kuandika yaliyomo katika kashe yake. Usikitie alama iwapo diski haina umeme wa akiba.

Tangu Windows 10 toleo la 1809, lililotolewa mwaka 2018, chaguo la kwanza ndilo huwekwa tangu mwanzo kwa diski za nje. Kwenye mashine za kabla ya hapo, usikisie, kagua.

Kasoro za kawaida

Mpangilio ukikataa kubadilika, si lazima diski iwe mbovu. Huenda saketi ya kasha lake la USB haipitishi amri hiyo. Iache ilivyo.

Mpangilio ukirudi ulivyokuwa, tazama kama umehamisha waya. Diski isiyo na nambari yake ya utambulisho huonekana ngeni kila ikichomekwa tundu jingine.

Diski ikiwa nzito mno, chunguza tundu kwanza. USB 1.1 hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, USB 2.0 hufikia 480. Kashe haiwezi kuziba pengo hilo.

Palipo na umeme wa kukatikakatika, chagua kuondoa haraka, na usichomoe waya kabla ya taa ya diski kutulia. Dakika chache za kusubiri ni nafuu kuliko harusi isiyoweza kurudiwa.